Pampu ya Maji Taka Imetuma Ujumbe: Nani Ataitikia?

SOMO KWA VIKUNDI: MAJI NA USAFI



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja mbele ya wageni: maji taka. Yaani maji ya choo, ya bafu, ya kuoshea vyombo na ya kufulia. Tutaangalia hasa pampu za kuyasukuma, pamoja na vile vifaa ambavyo wauzaji wanaviita "vifaa janja", vyenye laini ya simu ndani yake. Vikundi kadhaa vimeniuliza, "Je, tununue?" Jibu langu si ndiyo wala si hapana. Tusome pamoja kwanza.

Kama kawaida yetu tutafuata hatua tatu: Tuone, Tupime, Tutende. Mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Mwishoni mna maswali ya kujadiliana.

TUONE

Nianze na kisa. Kuna kikundi cha kina mama nilichokitembelea mara nyingi, upande wa Kitengela. Waliweka akiba kwa miaka, wakanunua ploti, wakajenga nyumba 20 za kupangisha. Kodi ya nyumba hizo ndiyo inayolipa karo ya watoto wao. Ploti yao iko bondeni kidogo, na udongo ni ule mweusi wa pamba. Tangi la septiki lilikuwa likijaa kila mara, na wakati wa mvua lori la kunyonya, yaani eksosta, lilikuwa halifiki. Linakwama kwenye matope kabla ya kufika getini.

Basi wakatafuta ushauri, na walishauriwa vizuri. Walijenga kitanda cha kokoto na matete sehemu ya juu ya ploti. Kisha wakaweka pampu kwenye chumba cha mwisho cha septiki, isukume maji yaliyokwisha kutulia hadi kule juu. Maji yakishapita kwenye matete yanamwagilia miti. Hilo si jambo geni Kenya. Hata Nairobi, karibu na mkahawa wa Carnivore, matete yalianza kutumiwa kusafisha maji taka mwaka 1994. Mwishowe kina mama wakanunua kisanduku chenye laini ya simu. Maji yakipanda kupita alama, kisanduku kinatuma ujumbe mfupi.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda sawa. Halafu siku moja kitambaa kikaziba pampu. Kisanduku kilifanya kazi yake barabara. Kilituma ujumbe kwamba maji yamepanda. Kikatuma tena, na tena. Lakini ujumbe wote ulikwenda kwa simu ya katibu peke yake, na katibu alikuwa amesafiri kwenda matangani, akitumia laini nyingine. Siku nne zikapita. Wapangaji walisikia harufu, kila mmoja akadhani kamati inajua. Siku ya tano maji taka yalikuwa yameteremka hadi njia wanayopita watoto wa shule. Pampu nayo, iliyokuwa ikinguruma bila kuzunguka, ilikuwa imeungua.

Lakini si hilo lililonitisha zaidi. Nilipofika nilimkuta kijana amevua viatu, kamba kiunoni, anataka kuingia shimoni aitoe pampu.

"Mama, ni dakika mbili tu," aliniambia. "Hata harufu imepungua."

Tulimzuia. Nitaeleza mbele kidogo kwa nini zile dakika mbili zingeweza kuwa za mwisho maishani mwake.

Kutokana na kisa hicho nilijifunza jambo ambalo ndilo somo la leo: kifaa janja kinaweza kuita, lakini hakiwezi kuitikia. Kikundi kisichopanga nani ataitikia, kwa pesa gani na kwa zana gani, kimenunua kengele isiyo na mlinzi.

Kwa nini sisi hasa tuna shida hii? Sababu ya kwanza ni udongo. Ule mweusi wa pamba huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka. Ukivimba hauruhusu maji yapenye. Ndiyo maana shimo la kunyonya linalofanya kazi kwenye udongo mwekundu wa milimani, huku kwetu tambarare hujaa upesi. Sababu ya pili ni ukuaji wa mji. Kitengela imejaa watu haraka kwa kuwa iko karibu na Nairobi na viwanda vya Athi River. Eneo la viwanda la EPZ lina mtambo wa maji taka kule Kinanie, lakini ploti nyingi za Kitengela hutegemea septiki na eksosta. Sababu ya tatu ni mvua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitukumbusha kwamba maji ya mvua yakiingia kwenye manholi, kilichokuwa chini hupanda juu, na kila mtu hukikanyaga.

TUPIME

1. Je, pampu inahitajika kweli?

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Mteremko haudai tokeni za stima, hauungui, wala hauibiwi usiku. Sehemu kubwa ya maji taka ya Nairobi huteremka yenyewe kwa mabomba yanayofuata mabonde ya mito, hadi kwenye mabwawa ya Ruai, kwa sababu mji unainama kuelekea mashariki. Kampala ni mji wa vilima na haina bahati hiyo kila mahali. Kwa hiyo shirika la maji la Uganda, NWSC, lina kituo cha Kinawataka kinachosukuma maji taka hadi mtambo wa Bugolobi. Miji mikubwa husukuma pale mteremko unapokataa. Sisi tufanye vivyo hivyo.

Kabla ya kununua chochote, mwiteni fundi wa ujenzi apime ploti kwa ule mpira mwembamba unaoonyesha, uliojazwa maji. Ni kazi ya asubuhi moja. Huenda mkaona kwamba maji ya bafu na ya kufulia yanaweza kuteremka yenyewe hadi kwenye migomba au miti, na pampu ikabaki na kazi ndogo tu.

Angalieni pia vyoo vya kuvuta maji. Tangi la choo linalovuja polepole hupeleka maji safi kwenye shimo usiku na mchana. Mnalipia maji hayo mara mbili: mara ya kwanza mnapoyanunua, mara ya pili mnapoyasukuma. Kutengeneza kifaa kidogo ndani ya tangi hilo ni rahisi kuliko kununua pampu kubwa.

2. Pampu hula pesa wapi?

Tufanye hesabu, na katibu aiandike ubaoni. Tuseme ploti ina nyumba 20, kila nyumba ina watu 4, na kila mtu anatumia lita 50 kwa siku.

Watu 80 mara lita 50 ni lita 4,000 kwa siku.

Tuseme pampu yetu ni ya nguvu ya kilowati 0.75, ambayo mafundi huiita hosipawa moja, na inasukuma lita 100 kwa dakika. Lita 4,000 kugawanya kwa 100 ni dakika 40. Kwa hiyo pampu inatakiwa kufanya kazi dakika 40 tu kwa siku. Hiyo ni nusu yuniti ya stima kila siku, au yuniti 15 kwa mwezi.

Sasa tuseme pampu inawashwa kwa mkono. Mwangalizi anaiwasha saa mbili asubuhi, anakwenda sokoni, anarudi saa saba mchana. Imenguruma saa 5. Saa 5 mara 0.75 ni yuniti 3.75 kwa siku, ambazo ni zaidi ya yuniti 112 kwa mwezi. Tofauti ni karibu yuniti 97. Zidisheni kwa bei ya yuniti kwenye risiti yenu ya tokeni, mtaona hasara. Isitoshe, kwa muda mrefu wa saa hizo 5 shimo lilikuwa tupu. Pampu nyingi za kuzama hupozwa na maji yanayoizunguka. Isipokuwa na maji hupata joto, mihuri yake huharibika, na mwishowe huungua.

Kwa hiyo ujanja wa kwanza wa pampu ni kuwaka kwa kufuata kina cha maji. Isiwake kwa kufuata saa ya mtu.

3. Ngazi tatu za ujanja

Ngazi ya kwanza ni boya, ambalo mafundi huliita floti. Maji yakipanda, boya linaelea na kuwasha pampu. Yakishuka, boya linalala na kuizima. Halina laini ya simu wala kompyuta, lakini ndilo linalookoa sehemu kubwa ya zile yuniti 97. Fundi aache nafasi ya kutosha kati ya alama ya kuwasha na ya kuzima. Kwa pampu yetu ya lita 100 kwa dakika, nafasi hiyo iwe na angalau lita 150. Ikiwa ndogo kuliko hapo, pampu itawaka na kuzima mara nyingi mno kwa saa, na kila kuwaka huichosha mota.

Ngazi ya pili ni kisanduku cha ulinzi. Hiki huizima pampu inapokosa maji, inapozibwa au stima inapokuwa na nguvu isiyofaa. Chagueni chenye taa nyekundu, king'ora, na saa ya kuhesabu muda ambao pampu imefanya kazi. Hiyo saa ndogo ni mwalimu mzuri. Mwangalizi aandike namba yake kwenye daftari kila Jumatatu. Ikiwa wiki hii pampu imefanya kazi mara mbili ya wiki iliyopita, na wapangaji ni walewale, kuna jambo. Kama mvua imenyesha, huenda maji yanaingia kwenye manholi zenye vifuniko vilivyovunjika. Kama hakuna mvua, tafuteni choo kinachovuja, au valvu ya kuzuia maji yasirudi iliyokwama, au pampu iliyolika. Daftari la shilingi chache linaweza kuwaambia haya kabla ya harufu kuwaambia.

Ngazi ya tatu ndiyo laini ya simu. Kihisi, yaani kifaa cha kupima kina, kimeunganishwa na kisanduku kinachotuma ujumbe mfupi. Kwa kuwa ni ujumbe wa kawaida, hata simu ndogo ya kubonyeza inaupokea. Kuna vingine vinavyotuma taarifa kwenye intaneti na kuchora grafu. Kwa mji wenye vituo kumi vya pampu, hiyo ina maana. Kwa ploti moja, ujumbe mfupi unatosha. Hakikisheni kisanduku kina betri yake ndogo, maana stima ikipotea ndipo mnapohitaji habari zaidi. Na laini iwe na pesa kila wakati. Nimeona kisanduku kizuri kikinyamaza kwa sababu laini yake iliisha salio.

Pandeni ngazi hizi kwa mpangilio. Kikundi kinachorukia ya tatu bila boya zuri na bila daftari kinajenga paa kabla ya ukuta.

4. Bomba kubwa si bora kila mara

Mzee mmoja aliniuliza kwenye semina, "Mwalimu, si tuweke bomba pana ili maji yapite vizuri?" Ni swali la busara, lakini maji taka yana tabia yake. Yakienda polepole, uchafu hutuama ndani ya bomba na kuziba. Yanatakiwa kwenda angalau kama sentimita 60 hadi 70 kwa sekunde. Lita 100 kwa dakika ndani ya bomba la inchi 2 hukimbia karibu sentimita 85 kwa sekunde, na hiyo ni nzuri. Maji hayohayo kwenye bomba la inchi 3 huenda kama sentimita 37 tu. Hapo mmenunua bomba ghali na mmenunua pia kuziba.

Kwa sababu hiyohiyo muwe waangalifu na kifaa cha kubadilisha kasi ya pampu. Ni kweli kwamba pampu ikipunguzwa kasi hutumia stima kidogo sana. Kwenye mabomba marefu ya miji kifaa hicho huokoa pesa nyingi. Lakini kwenye ploti yenye mlima mfupi, kazi kubwa ya pampu ni kuinua maji, na ukipunguza kasi kupita kiasi maji hayafiki juu kabisa. Pampu ndogo inayowaka na kuzima kwa boya mara nyingi inatosha.

Na jua je? Kajiado tunalo kwa wingi. Pampu ya sola inaweza kusukuma mchana, mradi shimo la kukusanyia litoshe maji ya jioni, ya usiku na ya siku za mawingu. Kwa ploti yetu ya mfano, hiyo maana yake ni nafasi ya lita 4,000 au zaidi. Pimeni bei ya shimo hilo pamoja na bei ya paneli. Msipime paneli peke yake.

5. Jirani zetu wa Kyuso

Labda mtasema, "Huyu anatukatisha tamaa na teknolojia." La hasha. Kuna mfano mzuri wa maji ya kunywa si mbali na hapa, kule Kyuso, Kaunti ya Kitui. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliweka vifaa vidogo ndani ya mipini ya pampu za mkono. Kila mara watu walipopiga pampu, kifaa kilihesabu, kisha kikatuma hesabu hiyo kwa ujumbe wa simu. Pampu ikinyamaza, ilijulikana. Majaribio hayo yalifanyika miaka ya 2012 na 2013. Kabla yake pampu iliyoharibika ilikaa kwa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa majaribio, muda huo ulishuka hadi chini ya siku 3.

Angalieni vizuri kilicholeta mabadiliko. Je, ni kile kifaa ndani ya mpini? Kilisaidia, lakini nyuma yake kulikuwa na timu ya mafundi iliyosubiri habari, yenye vipuri na usafiri, na kazi yao ilikuwa imelipiwa tayari. Baada ya hapo ikazaliwa huduma ya FundiFix huko Kitui na Kwale, ambapo vikundi hulipa ada kidogo kidogo na fundi huja pampu inapoharibika. Kumbe ujanja ulikuwa nusu kwenye kifaa na nusu kwenye mapatano ya watu. Kina mama wa kisa changu walinunua nusu ya kwanza tu.

TUTENDE

1. Usiingie shimoni

Hili nalitanguliza kwa sababu ni la uhai. Maji taka yaliyofungiwa hutoa gesi. Mojawapo ina harufu ya yai bovu, ni nzito kuliko hewa, na hukaa chini ya shimo. Ikiwa kidogo, unainusa. Ikiwa nyingi, huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo mtu hudhani imekwisha. Ndiyo maana nilishtuka kijana yule aliposema harufu imepungua. Mtu anaweza kuanguka baada ya kuvuta pumzi chache tu. Ndugu yake akiruka kumwokoa, naye huanguka. Hivyo ndivyo mashimo yanavyoua watu wawili na watatu kwa siku moja. Kamba ya kawaida, kitambaa puani au kuombewa havizuii gesi. Gesi nyingine iliyomo hushika moto, kwa hiyo hakuna sigara wala kiberiti karibu.

Dawa yake ni kujenga vizuri tangu mwanzo. Pampu ifungwe mnyororo na iteremshwe kwa reli au bomba la kuongozea, ili ivutwe juu na mtu aliyesimama nje, baada ya stima kuzimwa. Boya nalo litolewe kutoka juu. Kifuniko kiwe na kufuli. Kazi yoyote ya ndani ifanywe na watu waliofunzwa, wenye vifaa vya kupima gesi na vya kupumulia. Kikundi kiandike kwenye katiba yake: hakuna mwanachama, mwangalizi wala kibarua atakayeingia shimoni. Hapa ndipo kifaa janja kinapopata heshima yake. Kinatuambia hali ya ndani bila mtu kwenda kuchungulia.

2. Andikeni nani ataitikia

Ujumbe uende kwa watu watatu: mwangalizi, mwenyekiti na fundi. Ubandikeni ukurasa mmoja ukutani, karibu na kisanduku, wenye mambo haya:

- Ndani ya nusu saa: mwangalizi anakwenda kuona, anazima pampu ikiwa inanguruma bila kusukuma, na anawaomba wapangaji wapunguze maji.
- Ndani ya saa mbili: mwenyekiti anathibitisha kwamba fundi amepata habari. Akikosekana anaitwa fundi wa pili.
- Siku hiyohiyo: pampu inavutwa juu na kusafishwa. Ikishindikana, inatafutwa eksosta kabla shimo halijafurika.
- Baadaye: katibu anaandika sababu kwenye daftari.

Mara moja kwa mwezi, inueni boya kwa fimbo kutoka juu, king'ora kilie na ujumbe utumwe. Asiyepokea ajulikane siku hiyo, kabla ya siku ya shida. Anayesafiri akabidhi kazi kwa mwingine, kama tunavyokabidhi ufunguo wa sanduku la pesa.

3. Changeni kabla ya kuharibika

Chukueni mfano huu, mkiweka bei zenu wenyewe. Tuseme pampu ni shilingi 30,000 na itadumu miaka 5. Hiyo ni miezi 60, kwa hiyo wekeni 500 kila mwezi. Fundi wa kuja kukagua, 1,000. Salio la laini, 100. Stima yuniti 15, tuseme kwa shilingi 30 kila moja, 450. Jumla ni 2,050. Kwa nyumba 20, ni kama shilingi 103 kwa nyumba kwa mwezi. Ziwekwe kwenye akaunti au kwenye namba ya M-Pesa ya kikundi, kando na pesa za mkopo na za matanga. Kikundi kilichoungulisha pampu bila akiba hiyo hulazimika kufanya harambee huku maji taka yakitiririka.

4. Kinachoingia chooni

Pampu iliyojengwa kwa maji safi haiwezi maji taka. Mwambieni muuzaji wazi ni maji gani. Hata iliyo sahihi hushindwa na vitambaa, pedi, nepi na nywele. Wekeni ndoo yenye kifuniko katika kila choo, na waelezeni wapangaji siku wanapoingia, kwa heshima bila kufokeana. Mafuta ya kupikia yasimwagwe kwenye sinki, yakipoa huganda ndani ya bomba. Na septiki inyonywe kabla matope hayajafika theluthi moja ya kina chake, la sivyo yatafika kwenye pampu.

5. Maji yanaishia wapi?

Kusukuma maji taka kutoka kwako hadi kwa jirani si maendeleo. Maji yaliyopita kwenye septiki na matete bado yana vijidudu. Yafaa kwa miti na kwa nepia. Yasimwagiliwe mboga zinazoliwa mbichi. Na sisi watu wa mifugo tukumbuke tegu. Mayai yake hutoka kwa mtu mwenye mnyoo huo, hupita chooni, na ng'ombe akila majani yaliyolowa maji hayo, nyama yake hupata uvimbe mdogo mdogo wa tegu, ambao daktari wa mifugo akiuona machinjioni nyama inaweza kukataliwa. Kwa hiyo wekeni ua, ng'ombe wasilishwe hapo, na acheni kumwagilia wiki mbili kabla ya kukata nepia.

Kabla ya kujenga, ongeeni na afisa wa afya ya umma na ofisi ya NEMA. Kumwaga maji taka kwenye mto au ardhini bila ruhusa ni kosa. Pia tusisahau kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya usafi wa mazingira wa kiwango cha kuridhisha, na huduma za maji na maji taka ni kazi ya serikali ya kaunti. Kikundi kinachojisaidia kisiache kuhudhuria mikutano ya bajeti ya kaunti na kuuliza juu ya mabomba ya maji taka. Mungu humsaidia anayejisaidia, lakini kodi tumelipa pia.

MWISHO

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kuitunza dunia kama nyumba yetu sote. Nyumba haitunzwi sebuleni pekee. Hutunzwa hata pale nyuma, ambapo hakuna mgeni anayepita.

Wale kina mama walinunua pampu nyingine, safari hii yenye mnyororo. Ujumbe sasa unakwenda kwa simu tatu, na karatasi iko ukutani. Kijana yule ndiye mwangalizi wao. Kila Jumatatu anaandika namba kwenye daftari, amesimama nje ya shimo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Maji taka ya ploti au kijiji chetu yanaishia wapi leo? Nani anayakanyaga?
2. Ni maji gani tunayoweza kuyaacha yateremke yenyewe bila pampu?
3. Kama tuna pampu, imefanya kazi saa ngapi wiki iliyopita? Kama hatujui, tutaanzaje kujua?
4. Ujumbe ukiingia saa nane za usiku, ni nani ataamka? Na asipokuwepo?
5. Tuna shilingi ngapi za kutengeneza leo, bila kukopa?
6. Je, kuna mtu katika kikundi chetu aliyewahi kuingia shimoni? Tutamwambia nini, na tutabadilisha nini ili asiingie tena?

Andikeni majibu, mkubaliane jambo moja la kufanya kabla ya mkutano ujao, na mchague mtu wa kulifuatilia.